Mtoto Wako Anapojiunga na Mbio za Kuteleza Kwenye Barafu: Mambo Ambayo Mzazi na Mlezi Anapaswa Kujua

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinaishi Kanada, Marekani, Uholanzi na nchi nyingine za baridi. Watoto hujifunza michezo ya huko haraka kuliko sisi wazazi. Leo mtoto anaomba mpira, kesho anarudi na karatasi ya klabu ya kuteleza kwenye barafu, anataka uweke saini.

Huenda hujawahi kukanyaga barafu maishani mwako. Hilo si tatizo. Huhitaji kujua kuteleza ili umlinde mtoto wako. Unahitaji kujua mchezo unavyochezwa, mahali penye hatari, dalili za kuangalia na maswali ya kuuliza kabla ya kusaini.

Ukurasa huu unahusu mbio fupi za kuteleza, zile zinazofanyika ndani ya ukumbi, wachezaji wakikimbia pamoja kwenye mzunguko mdogo.

Mchezo huu unachezwaje?

Uwanja wa barafu una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Mzunguko mmoja wa mbio ni mita 111.12. Wachezaji kadhaa huanza pamoja, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Hakuna mistari ya kumtenga kila mmoja na mwenzake kama kwenye mbio za riadha. Kila mtu hutafuta nafasi ya kupita, na kugusana hutokea.

Mbio za mtu mmoja mmoja katika Olimpiki ni mita 500, 1000 na 1500. Zipo pia mbio za kupokezana, ambapo mchezaji humsukuma mwenzake mgongoni badala ya kumpa kijiti. Mchezo huu ulioneshwa kwa majaribio kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988, na medali zikaanza kutolewa Albertville mwaka 1992.

Mwaka 2012, Mmarekani J.R. Celski alikuwa mtu wa kwanza kumaliza mita 500 chini ya sekunde 40. Hiyo ni wastani wa kilomita 45 kwa saa, sawa na mwendo wa gari mtaani, kwenye kona kali, mguuni ukiwa na chuma chembamba chenye makali. Mtoto anayeanza haendi kasi hiyo. Lakini ukijua mchezo unakoelekea, utaelewa kwa nini vifaa vya kinga si urembo.

Je, mchezo huu ni wa watoto wetu kweli?

Ndiyo. Maame Biney alizaliwa Accra, Ghana, akahamia Marekani akiwa na miaka 5 kuishi na baba yake. Baba aliona tangazo la mafunzo ya kuteleza, akampeleka. Alipofikisha miaka 17 alifuzu kuingia timu ya Marekani ya Olimpiki ya mwaka 2018, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza katika timu hiyo ya mbio za kuteleza. Shani Davis, aliyekulia Chicago na kulelewa na mama yake, naye alipitia mbio hizi fupi kabla ya kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 2006 katika mbio za uwanja mrefu.

Mchezo huu hujenga misuli ya miguu, pumzi, uwiano wa mwili na nidhamu. Pia humpa mtoto mgeni marafiki. Hizo ni faida za kweli. Sasa tuangalie hatari, moja baada ya nyingine.

1. Kukatwa na chuma cha kiatu

Hii ndiyo hatari inayoutofautisha mchezo huu na mingine mingi. Mchezaji akianguka, miguu hurushwa, na chuma kinaweza kumkata yeye mwenyewe au mwenzake.

Mwaka 1994, mjini Montreal, Mwaustralia Steven Bradbury alikatwa paja na kiatu cha mchezaji mwingine. Alipoteza karibu lita 4 za damu na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2009, Celski alianguka na chuma cha kiatu chake cha kulia kikamkata paja lake la kushoto. Wote wawili walipona na kurudi. Celski alipata medali mbili za shaba miezi mitano baadaye, na Bradbury alishinda dhahabu mwaka 2002. Kilichowaokoa ni kwamba damu ilizuiwa haraka na msaada ulikuwa karibu.

Ndiyo maana mchezaji huvaa:

- helmeti ngumu inayokaa vizuri kichwani
- kinga ya shingo isiyokatika kwa urahisi
- vazi la kitambaa maalumu kinachozuia kukatwa
- glavu ngumu, kwa sababu mkono wa kushoto hugusa barafu kwenye kona
- kinga za magoti na miguu, kuanzia goti hadi kifundo
- miwani ya kuzuia macho yasiumizwe.

Ncha za chuma cha kiatu lazima ziwe zimeviringwa, zisiwe na pembe kali. Kuta za uwanja lazima zizungukwe na magodoro mazito ya kupunguza kishindo.

Vifaa hivi ni ghali. Uliza klabu kama inaazimisha au kukodisha. Klabu nyingi hufanya hivyo kwa wanaoanza. Usimnunulie mtoto kiatu kikubwa "akikulie". Kiatu kinachocheza mguuni humwangusha na kumuumiza kifundo. Helmeti iliyokwisha kupigwa kishindo kikubwa isitumike tena, hata kama haionekani kupasuka.

*Kuhusu nywele na hijabu:* helmeti haikai sawa juu ya mafundo makubwa ya rasta au nywele za kuongezea. Msuke mtoto mtindo unaolala chini, mfano mistari inayoelekea nyuma, na mafundo yakae chini ya helmeti, karibu na shingo. Anayevaa hijabu avae kofia nyembamba inayobana, isiyo na ncha zinazoning'inia. Mjaribishe helmeti nywele zikiwa tayari zimesukwa.

Mtoto akikatwa, fanya hivi

1. Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi. Usiogope kubonyeza.
2. Mwambie mtu mwingine apige simu ya dharura: 911 Kanada na Marekani, 112 Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya.
3. Mlaze mtoto na umfunike asipate baridi.
4. Damu ikilowanisha kitambaa, usikiondoe. Ongeza kingine juu yake na uendelee kubonyeza mpaka msaada ufike.

Usiweke kahawa, sukari, majivu wala dawa ya meno kwenye kidonda. Vitu hivyo havizuii damu inayotoka kwa wingi, na huleta uchafu. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda ya mtoto iko hai. Kama kadi za chanjo zilipotea safarini, mwambie daktari. Atakushauri ni zipi zirudiwe.

2. Kugonga kichwa

Kichwa kikigonga barafu au ukuta, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Helmeti huzuia fuvu kupasuka, lakini haiwezi kuuzuia kabisa mtikisiko huo. Na mtoto si lazima azimie ndipo ujue ameumia.

Angalia dalili hizi, siku hiyo na siku zinazofuata:

- kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu
- kuchanganyikiwa, kusahau yaliyotokea, kujibu polepole
- kuchukia mwanga au kelele
- kununa, kulia au kuwa na hasira isiyo ya kawaida yake
- usingizi kuzidi au kupotea.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- anatapika zaidi ya mara moja
- maumivu ya kichwa yanazidi kuongezeka
- anapata degedege
- mkono au mguu umelegea, au anaongea kwa shida
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine
- damu au majimaji yanatoka puani au masikioni
- ni vigumu kumwamsha
- shingo inauma sana. Hapo usimwinue mwenyewe, subiri wahudumu.

Kanuni ni moja: mtoto aliyegonga kichwa na kuonesha dalili harudi barafuni siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama ni fainali. Apumzike siku moja au mbili bila michezo na bila kukaa muda mrefu kwenye simu. Kisha arudi taratibu, shule kwanza, mazoezi mepesi, na mbio mwisho kabisa baada ya daktari kumruhusu. Watoto wengine huchukua wiki kadhaa kupona. Akigonga tena kabla hajapona, madhara huwa makubwa zaidi.

Wengi wetu tuliambiwa aliyegonga kichwa asilale kabisa. Akishaangaliwa na mtaalamu na kuonekana hana dalili za hatari, anaruhusiwa kulala. Usingizi humsaidia. Fuata maelekezo utakayopewa kuhusu kumwangalia usiku.

3. Maumivu yanayokuja polepole

Mbio hizi huzunguka upande mmoja tu, kushoto. Mchezaji huinama chini kwa muda mrefu, magoti yamekunjwa, mgongo umepinda. Mwili wa mtoto unaokua hulemewa na kazi hiyo inayojirudia, hasa kiunoni, kwenye nyonga, magoti na vifundo.

Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake ambazo ndizo zinazokua. Sehemu hizo huumia kwa urahisi kuliko mfupa wa mtu mzima. Kwa hiyo maumivu yanayodumu zaidi ya wiki, yanayomwamsha usiku au yanayomfanya achechemee yanahitaji daktari. Usiyafunike kwa dawa ya maumivu ili awahi mashindano.

Hakikisha ana angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi, na kipindi fulani cha mwaka acheze mchezo mwingine. Mpira, kuogelea au kukimbia humjenga pande zote mbili za mwili.

4. Kifua, hewa na baridi

Baridi yenyewe haileti nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Lakini hewa baridi na kavu ikivutwa kwa kasi hubana njia za hewa, na wachezaji wa barafuni hupata pumu ya mazoezi mara nyingi zaidi kuliko watu wa kawaida. Mtoto akikohoa, akikoroma kifuani au akibanwa na pumzi kila baada ya mazoezi, mpeleke akapimwe. Akiandikiwa dawa ya kuvuta, iwe kwenye begi lake kila siku, na kocha ajue ilipo.

Jambo jingine ambalo wazazi wachache hulijua ni mashine ya kulainisha barafu. Baadhi huendeshwa kwa gesi au mafuta, na ukumbi usipopitisha hewa vizuri, moshi wenye sumu hujikusanya karibu na barafu. Watoto kadhaa wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, watoe nje haraka na mpige simu ya dharura.

5. Selimundu

Hili linatuhusu sana, kwa sababu selimundu, au sikoseli kama wengine tunavyouita, umeenea katika familia zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo.

Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kupata maumivu makali akipigwa na baridi, akipungukiwa maji au akichoka kupita kiasi. Uwanja wa barafu unaweza kuleta yote matatu kwa pamoja. Asianze bila kuzungumza na daktari wake.

Mtoto aliyerithi kinasaba kimoja tu haugui, na anaweza kucheza. Lakini azoeshwe mazoezi polepole, anywe maji ya kutosha, na aruhusiwe kupumzika anapochoka. Mtoto wa aina hii akiishiwa nguvu ghafla katikati ya mazoezi magumu, hiyo ni dharura. Kama hujui hali ya mtoto wako, omba kipimo cha damu.

6. Chakula na vitamini

Mtoto anayefanya mazoezi anahitaji chakula kingi kuliko ndugu yake anayekaa. Chakula chetu kinatosha kabisa: ugali, wali au viazi kwa nguvu, maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama kwa kujenga mwili, mchicha, sukuma wiki na matunda. Ampatie tumbo muda wa kupumzika kabla ya kuingia barafuni, kisha ale vizuri baada ya mazoezi. Hakuna haja ya unga wa kujenga misuli wala vinywaji vya kuongeza nguvu.

Katika michezo ya kasi, baadhi ya vijana huanza kujinyima chakula ili wawe wepesi. Hatari yake ni kubwa, kwa sababu mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza kazi zake. Mifupa hudhoofika, vidonda huchelewa kupona, na mtoto huugua mara kwa mara. Kwa binti, dalili kubwa ni hedhi kukatika. Akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au akifikisha miaka 15 bila kuiona, mpeleke kwa daktari. Baadhi ya watu watakuambia ni kawaida kwa wanamichezo. Si kawaida.

Uchovu usioisha, weupe ndani ya kope na kukosa pumzi vinaweza kuwa dalili za upungufu wa damu. Apimwe kabla ya kupewa vidonge vya madini ya chuma.

Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na majira ya baridi huko ughaibuni jua ni haba. Uholanzi na Uingereza, mamlaka za afya huwashauri wenye ngozi nyeusi kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku. Ukiwa nchi nyingine, muulize daktari au mfamasia kiwango kinachofaa umri wa mtoto wako.

7. Usalama wake mbele ya watu wazima

Soma sehemu hii taratibu, maana jeraha hili halionekani kwa macho.

Shim Suk-hee wa Korea Kusini ni bingwa wa Olimpiki wa mbio hizi. Kocha aliyemfundisha tangu utotoni alikuwa akimpiga. Mwaka 2019 ilijulikana hadharani kwamba alikuwa akimdhalilisha kingono pia, tangu alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 2021 mahakama ilimhukumu kocha huyo kifungo cha miaka 10 na miezi 6, na rufaa ikaongeza kikawa miaka 13. Alikuwa mchezaji wa taifa, anaonekana kwenye runinga, amezungukwa na viongozi. Bado aliumizwa kwa miaka.

Baadhi yetu tulilelewa kwa fimbo. Tukimsikia kocha akifoka au kuona alama mwilini mwa mtoto, tunajiambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo inazungumzia malezi. Haimpi mtu wa nje ruhusa ya kumpiga mwanao. Kocha mkali husahihisha kosa la mchezo. Kocha hatari hupiga, hutukana, humtenga mtoto na wenzake, humtumia ujumbe wa siri au hutaka wabaki wawili tu.

Angalia kama mtoto anaogopa mazoezi aliyokuwa akiyapenda, hapendi kuguswa, hapati usingizi, ana zawadi asizoeleza zilikotoka, au anajiumiza.

Akikueleza jambo, msikilize bila kumkatiza. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako." Usimfuate kocha peke yako. Toa taarifa polisi au kwa ofisi ya ulinzi wa watoto. Una haki ya kuomba mkalimani bila malipo katika nchi nyingi. Usimtumie mtoto kukutafsiria mambo haya.

Kuna pia maneno ya mitandaoni. Mwaka 2018, Mkanada Kim Boutin alipata shaba ya mita 500 baada ya mpinzani wake kuondolewa kwa kosa. Mashabiki wenye hasira walimtumia vitisho vya kumuua. Mtoto wako hajafika huko, lakini hata kikundi cha simu cha klabu kinaweza kumuumiza. Mjue anachosoma, na baada ya mbio mbaya mwekee simu pembeni kwanza.

Maswali ya kuuliza klabu kabla ya kusaini

- Ni vifaa gani ni lazima, na vipi naweza kuazima?
- Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na yupo kila siku ya mazoezi?
- Mtoto akigonga kichwa, mnafuata utaratibu gani?
- Makocha wamechunguzwa rekodi zao kabla ya kuajiriwa?
- Wazazi wanaruhusiwa kutazama mazoezi?
- Safarini, watoto wanalala na nani na nani anawasimamia?
- Je, watoto wanapimwa uzito? Kwa nini, na mbele ya nani?
- Bima inagharamia nini mtoto akiumia?

Klabu nzuri haitakasirikia maswali haya. Ikikasirika, umeshapata jibu.

Neno la mwisho kwa mlezi

Lugha ya nchi usipoijua vizuri, ni rahisi kukaa pembeni na kuwaachia "wanaojua". Lakini hakuna kocha anayemjua mtoto wako kama wewe. Wewe ndiye unayejua anavyokula, anavyolala, anavyocheka na anavyonyamaza. Kitu kikibadilika, wewe ndiye wa kwanza kukiona. Uliza na usimamie neno lako, hata kama ni kwa Kiingereza au Kiholanzi cha kuungaunga.

Leo, kabla ya mazoezi yanayofuata, fanya mambo matatu: angalia kinga ya shingo na helmeti ya mtoto, andika namba ya dharura kwenye begi lake, na umuulize swali moja ukiwa umetulia: "Huko barafuni, kuna kitu chochote kinachokusumbua?" Kisha umsikilize.